Mieleka ya Waswisi na Jiwe la Unspunnen

Mwalimu mmoja ametuandikia akiuliza kama watu wa Ulaya nao wanayo mieleka ya kwao ya asili, au kama michezo yao yote ni ya mpira na ya kushindana mbio. Swali lake ni jema, na jibu lake ni refu kuliko barua. Kwa hiyo tumeona afadhali tulijibu hapa, ili machifu, waalimu na wote wapendao kujua desturi za mataifa mengine wapate kusoma pamoja naye. Tumechagua nchi moja tu, nayo ni Uswisi, kwa sababu mieleka ya huko haikufa, na kwa sababu historia yake imechanganyika sana na khabari za watawala na watawaliwa.

Uswisi ni nchi ndogo isiyo na pwani, iliyo katikati ya Ufaransa, Ujerumani, Austria na Italia. Eneo lake ni kilometa za mraba 41,000 na kidogo, wala haifiki sehemu ya ishirini ya Tanganyika. Watu wake husema lugha nne, na nchi imegawanyika katika majimbo 26, kila jimbo na serikali yake. Wasomaji wa upande wa Ulanga na Ifakara hawahitaji kuelezwa sana, maana Mapadre Wakapuchini waliofika katika nchi yetu tangu mwaka 1921 walitoka huko. Sehemu kubwa ya nchi ni milima mirefu ambayo vilele vyake vina theluji mwaka mzima. Wachungaji huwapandisha ng'ombe katika malisho ya juu wakati wa joto, nao hukaa huko miezi mitatu au zaidi wakikamua maziwa na kutengeneza jibini, kisha hushuka na mifugo kabla ya baridi.

Huko juu ndiko mieleka ilikokuzwa. Wachungaji wa bonde hili na wa bonde lile walikutana mpakani mwa malisho yao siku za sikukuu, na vijana wakajaribiana nguvu mbele ya wazee. Watu wa Entlebuch walishindana na watu wa Emmental. Watu wa Bern waliokaa upande wa milimani, yaani Oberland, walishindana na majirani zao wa Obwalden katika njia ya mlimani iitwayo Brünig. Kijana aliyerudi chini akiwa ameshinda alikuwa na jina katika kijiji chake mpaka sikukuu nyingine. Mchezo huo kwa Kijerumani cha kwao huitwa Schwingen, na maana ya neno hilo ni kupeperusha au kuzungusha hewani, kwa sababu anayeshinda humwinua mwenzake na kumzungusha kabla ya kumwangusha.

Ni mchezo wa zamani mno. Katika kanisa kuu la mji wa Lausanne mna nakshi ya mti, iliyochongwa katika karne ya 13, inayoonyesha watu wawili wameshikana kwa namna ile ile wanavyoshikana wachezaji wa sasa. Seremala aliyeichonga aliona jambo hilo kwa macho yake, maana mkono umewekwa mahali pake hasa.

Na sasa tueleze jinsi wanavyocheza, kwa kuwa msomaji asiyejua sheria hataweza kuelewa kilichobaki.

Uwanja wao ni duara lenye upana wa hatua kumi na mbili hivi, limejazwa unga wa mbao uangukao chini ya msumeno, ili anayeanguka asivunjike. Kila mchezaji huvaa kaptura ya kitambaa kizito kama cha gunia juu ya suruali yake, na kaptura hiyo hufungwa kwa mshipi wa ngozi. Pindo la kaptura limekunjwa kwenye paja ili liweze kushikwa. Wawili hao husalimiana kwa mkono kwanza. Kisha huinama, kila mmoja akiweka bega lake katika bega la mwenzake. Mkono wa kulia hushika mshipi kwa nyuma, na wa kushoto hushika pindo la kaptura ya mwenziwe. Mwamuzi aliye uwanjani akiona kwamba wote wawili wameshika sawasawa, hutoa ruhusa, nao huanza.

Ushindi ni kumlaza mtu chali, mabega yake yakigusa unga wa mbao ndani ya duara. Lakini sharti ni hili: wakati mgongo unapogusa chini, mshindi awe bado ameshika kaptura ya mwenzake, hata kwa mkono mmoja. Akiwa ameiachia, haihesabiwi kitu. Kwa hiyo si mchezo wa kusukuma wala wa kupiga ngwala tu. Ni mchezo wa kushika, na mtu mwenye vidole vilegevu hafiki mbali.

Mitego yao ni mingi, na kila mmoja una jina. Mmoja huitwa Kurz, maana yake mfupi, kwa sababu mchezaji humvuta mwenzake karibu, akamwinua na kumzungusha palepale. Mwingine huitwa Hüfter, nao ni wa nyonga: mtu hugeuka akamfanya mwenzake apite juu ya nyonga yake kama mzigo unaotupwa kutoka begani. Mwingine huitwa Brienzer, kwa jina la kijiji cha Brienz kilicho kando ya ziwa katika Oberland. Mzee aliyefundishwa mieleka kwetu akiangalia mitego hiyo atatambua mingine bila kuambiwa jina lake.

Waamuzi ni watatu, mmoja uwanjani na wawili mezani, nao hutoa alama. Anayemwangusha mwenzake chali mara moja kwa namna safi hupata alama 10. Akishinda kwa kumaliza kazi chini baada ya kuhangaika, hupungukiwa na robo. Waliotoka suluhu hupata karibu 9, na aliyeshindwa naye hapati sifuri: hupata kama 8 na nusu, na akijitahidi sana robo huongezwa. Jambo hili lilitushangaza tulipolisoma mara ya kwanza, lakini maana yake ni dhahiri. Katika sikukuu kubwa mtu aweza kupambana mara nane katika siku mbili, wala hatolewi kwa kushindwa mara moja. Hesabu ya mwisho ndiyo ihukumuyo.

Hapana kugawanya watu kwa uzito. Mtu wa kilo 85 aweza kupangiwa mtu wa kilo 140, naye hana haki ya kulalamika. Tena hawapangwi kwa kura. Iko kamati ya wazee wanaokaa na kuamua nani akutane na nani, na baada ya kila mzunguko hukaa tena. Bila shaka wasomaji wetu wamekwisha kufahamu litokealo. Watu wa jimbo hili husema kamati imempendelea kijana wa jimbo lile, imempa wanyonge asubuhi na kumwekea wetu simba watatu mfululizo. Kelele hizo hazina mwisho, nazo ni sehemu ya sikukuu kama nyama na jibini. Wachezaji hodari kabisa wana jina lao la heshima: huitwa Wabaya.

Jambo moja limewekwa na desturi, nalo hufanywa kila mara. Mshindi humsaidia aliyeshindwa kusimama, kisha humfuta mgongo kwa mkono mpaka unga wa mbao utoke. Hufanya hivyo hata kama wamechukiana tangu utotoni, na hata kama maelfu ya watu wanapiga kelele.

Na zawadi je? Hapana fedha kwa mshindi. Walio bora, kama watu kumi na watano au kumi na wanane katika kila mia, huvikwa taji la majani kichwani, na katika sikukuu kuu ya nchi majani hayo ni ya mwaloni. Mtu mwenye taji hilo hulitundika ukutani nyumbani mwake, na wajukuu wataonyeshwa. Mshindi wa kwanza hupewa fahali hai, mnono, aliyepambwa maua. Wengi hawamchukui fahali kwenda naye nyumbani. Humrudishia mfugaji na kupokea thamani yake. Wengine hupata farasi, ng'ombe, kengele kubwa za ng'ombe au vyombo vya nyumbani, kila mmoja akichagua kwa zamu yake. Na mshindi wa sikukuu kuu huitwa Mfalme wa mieleka, na jina hilo halimtoki mpaka kufa. Katika nchi isiyokuwa na mfalme mwingine ye yote, hilo si jina dogo.

Sasa tuje katika historia, na hapa ndipo tunapotaka wasomaji wetu wakae kidogo.

Kwa muda mrefu wakubwa hawakuupenda mchezo huu. Baada ya matengenezo ya dini katika karne ya 16, serikali ya mji wa Bern na wahubiri wake waliona kwamba mikutano ya milimani huleta ulevi, ugomvi, kucheza ngoma na kuvunja siku ya Bwana. Amri zikatolewa za kuikataza. Wachungaji walisikia amri hizo, na wakaendelea kucheza mahali ambapo askari hapandi kwa urahisi. Mtu akikaa mlimani juu ya mawingu, tangazo lililobandikwa mlangoni mwa kanisa bondeni humfikia likiwa limechoka.

Mambo yakageuka mwaka 1798. Majeshi ya Ufaransa yaliingia Uswisi, utawala wa zamani wa Bern ukaanguka, na Wafaransa wakaugawa upya mpango wa nchi. Oberland, ambayo kwa karne nyingi ilikuwa chini ya Bern, ikafanywa jimbo peke yake, na makao yake makuu yakawa mji wa Thun. Watu wa milimani wakaonja kujitawala kwa miaka mitano. Halafu mwaka 1803 Napoleon akaandika mpango mwingine, na Oberland ikarudishwa chini ya Bern kama zamani. Haihitaji elimu kubwa kufahamu kwamba wengi hawakufurahi.

Basi waungwana wa Bern wakafanya shauri. Mkubwa wao alikuwa Niklaus Friedrich von Mülinen, mkuu wa serikali ya Bern, na pamoja naye walikuwapo mchoraji Franz Niklaus König na wengine. Waliona kwamba amri peke yake haitaurudisha moyo wa watu wa milimani. Wakatangaza sikukuu ya wachungaji, katika uwanda ulio karibu na magofu ya ngome ya Unspunnen, si mbali na Interlaken. Siku iliyochaguliwa ilikuwa tarehe 17 Agosti, 1805. Michezo ikawa ile ile iliyokuwa ikikatazwa: mieleka, kutupa jiwe, kuimba na kupiga ile pembe ndefu ya mti wanayopiga wachungaji. Nishani zikatengenezwa kwa heshima ya pembe hiyo. Yasimuliwa kwamba wapigaji waliotokea walikuwa wawili tu, kwa jinsi ufundi huo ulivyokuwa umepotea.

Sikukuu ilifana, na mwaka 1808 ikafanywa tena. Mara hii wageni wakubwa wa Ulaya walikuja kutazama. Miongoni mwao alikuwako Madame de Staël, mwandishi mashuhuri wa Kifaransa, aliyeieleza sikukuu hiyo katika kitabu chake juu ya Ujerumani, na Élisabeth Vigée-Le Brun, aliyeichora katika picha. Tangu hapo wasafiri wakaanza kumiminika Interlaken kuona milima na wachungaji, na hata leo mji huo unaishi kwa wasafiri.

Lakini je, sikukuu ilitimiza haja yake? Mwaka 1814, utawala wa Napoleon ulipoanguka, watu wa Oberland waliona nafasi wakadai jimbo lao tena. Bern ikapeleka askari, na fitina ikazimwa kwa nguvu, miaka sita tu baada ya watu kukaa pamoja uwandani na kushangilia. Sikukuu ya Unspunnen haikufanywa tena mpaka mwaka 1905, karibu miaka mia. Sisi hatusemi kwamba wale waungwana wa Bern walikuwa na hila tupu. Wengine wao walipenda kweli desturi za milimani, na bila wao labda pembe ile ingalipotea kabisa. Twasema tu kwamba watu wa Oberland walikuwa wameomba jimbo, nao walipewa sikukuu.

Hata hivyo mieleka yenyewe ilipata faida. Tangu siku ile hapana aliyethubutu kuiita uhuni, maana wakubwa walikwisha kuketi mbele yake na kupiga makofi. Waalimu wa mazoezi ya mwili mijini wakajifunza, na vijana wa viwandani na wa shule wakaingia. Ndiyo sababu mpaka leo utaona mavazi ya namna mbili: watu wa vyama vya mazoezi huvaa shati na suruali nyeupe, nao wa asili ya uchungaji huvaa suruali nyeusi na shati la rangi, mara nyingi la buluu lenye maua madogo ya milimani. Mwaka 1895 kiliundwa chama kimoja cha nchi nzima, na sheria zikawa moja kwa wote, kwani hapo kwanza kila bonde lilikuwa na sheria yake. Kiongozi wake wa kwanza, Erwin Zschokke, alikuwa profesa wa uganga wa mifugo. Mwaka huo huo sikukuu kuu ya kwanza ya nchi ikafanyika katika mji wa Biel. Siku hizi hufanyika kila mwaka wa tatu.

Katika sikukuu ya mwaka 2019, mjini Zug, ulijengwa uwanja wa muda wenye viti 56,500, ukabomolewa mara tu kazi ilipokwisha. Mashabiki wa pande zote hukaa wamechanganyika, hawatengwi kwa uzio wala kwa polisi. Ndani ya uwanja hapana matangazo ya biashara. Wachezaji wakubwa huruhusiwa kupata fedha za matangazo nje ya uwanja, ila sehemu ya kumi hupelekwa kwa chama. Wengi wao bado wana kazi zao za kila siku, ni wakulima, wachinjaji, maseremala.

Mfalme wa mwaka ule alikuwa Christian Stucki, mtu mwenye urefu wa karibu mita mbili na uzito wa zaidi ya kilo 140. Katika pambano la mwisho alimwangusha Joel Wicki, mkulima wa Entlebuch, aliye mdogo kwake kwa mbali. Miaka mitatu baadaye, huko Pratteln, Wicki akawa Mfalme yeye mwenyewe. Na mwaka 2025, huko Mollis katika jimbo la Glarus, ilitokea ajabu inayoonyesha kwa nini wazee hugombana juu ya hesabu. Samuel Giger na Werner Schlegel waliwekwa katika pambano la mwisho, wakashindwa kuangushana mpaka muda wao ukaisha. Alama zilipojumlishwa, aliyesimama juu hakuwa mmoja wao. Alikuwa Armon Orlik, aliyekuwa pembeni akitazama, yule yule aliyeangushwa katika pambano la mwisho la mwaka 2016.

Wanawake nao wamejitafutia nafasi. Mwaka 1980 walifanya sikukuu yao ya kwanza huko Aeschi, karibu na Ziwa la Thun, na umati mkubwa ukaja, wengine kushangilia na wengine kucheka. Chama cha wanaume hakikuwapokea. Mwaka 1992 wakaunda chama chao wenyewe, nao wacheza hata sasa.

Limebaki jiwe. Tulisema kwamba siku ile ya mwaka 1805 watu walitupa jiwe. Jiwe la Unspunnen lina uzito wa kilo 83 na nusu, yaani ratli 184. Mtu huliinua kwa mikono miwili mpaka juu ya kichwa, hukimbia hatua chache, kisha hulitupa mbele. Mwaka 2004 Markus Maire alilitupa mita 4 na sentimita 11, na msomaji anayedhani kwamba hizo ni chache na ajaribu kwanza kuinua gunia la mahindi juu ya kichwa chake. Lile la kwanza lilipotea zamani, na kwa sikukuu ya mwaka 1905 likachongwa jingine lenye kuandikwa miaka yote miwili.

Jiwe hilo liliwekwa katika nyumba ya makumbusho huko Unterseen. Mwaka 1984 likaibwa. Walioliiba walikuwa vijana wa Jura. Hao ni watu wasemao Kifaransa, ambao nchi yao pia iliwekwa chini ya Bern, mwaka 1815, bila wao kuulizwa. Baada ya ugomvi mrefu sehemu yao ya kaskazini ilipata kuwa jimbo peke yake mwaka 1979, lakini sehemu ya kusini ilibaki Bern, na vijana hao hawakuridhika. Walijua vema kitu cha kuchukua. Kati ya mali zote za Bern walichagua jiwe la sikukuu ya upatanisho.

Likakaa mafichoni miaka 17. Mwaka 2001 likarudishwa ghafula, mbele ya watu, likiwa limechongwa nyota za Umoja wa Ulaya juu yake. Waswisi wakaliweka katika hoteli kubwa mjini Interlaken ili watu walione. Mwezi wa Agosti 2005, siku chache kabla ya sikukuu ya kutimiza miaka 200, likaibwa tena, na mahali pake likaachwa jiwe la kutengenezea barabara lenye alama ya Jura. Tena mwezi ule ule mafuriko yakaja, sikukuu ikaahirishwa hata mwaka uliofuata. Ilipofanyika, watu wa nguvu walitupa jiwe jingine lenye uzito ule ule.